Neno la Kuinulia Mti

"Hau ruck!" Mzee Konrad alipaza sauti kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, na papo hapo mambo yakaharibika.

Upande wa kushoto, Josaphat na wenzake wa Uvira walisukuma, wakasukuma tena, wakazidi kusukuma, kama watu walioanika nguo na mvua inakuja. Upande wa kulia Wajerumani walisukuma mara moja wakatulia, kama walivyofunzwa na baba zao. Mti ule, mita kumi na sita za msonobari uliochunwa maganda ukaachiwa kishungi cha kijani kileleni, uliyumba. Mashada yake yenye utepe yalichapa hewani, akina mama wakapiga yowe, kisha mti ukarudi kwa kishindo juu ya magogo ulikokuwa umelazwa. Hakuna aliyeumia. Ilikuwa bahati tu, na kila mtu uwanjani alijua.

"Imetosha, jameni," alisema Polycarp, mwenyekiti wa kamati, simu tayari mkononi. "Naita crane. Mimi ndiye nilisaini zile karatasi. Mtu akivunjika mguu watakuja kwangu, hawataenda kwa Mtakatifu Kiliani."

Dative, aliyekuwa nyuma ya kiti cha Konrad, aliona mabega ya mzee yakishuka.

Kanisa lao la Mtakatifu Kiliani, Mount Dennis, lilijengwa na watu wa Franken, kusini mwa Ujerumani, nao walikuja na sikukuu yao ya kanisa, Kerwa. Mti wa Kerwa husimamishwa kwa mikono ya watu. Ukishasimama ndipo hufukuliwa chupa ya mvinyo iliyozikwa mwaka uliopita, na chupa ikishatoka ndipo watu hucheza. Mti ukiguswa na mashine hakuna Kerwa: chupa hubaki ardhini na wapiga muziki hurudi makwao. Siku hizi, ukimtoa Konrad, Wafranken wenyewe walikuwa wamebaki sita, wawili wao wakiwa na magoti ya bandia. Nguvu za parokia zilikuwa za Wakongo na Warundi. Lakini mwitaji wa mti alikuwa yuleyule, Konrad, kwa miaka arobaini na mmoja. Jumanne angehamia mbali, Calgary, kwa binti yake. Crane ikija leo, angeondoka akijua kwamba Kerwa imefia mdomoni mwake.

Dative alilijua hilo kwa sababu alimwogesha kila asubuhi. Alikuwa Mrundi wa Bujumbura, mhudumu katika makao ya wazee, na parokiani wengi walimwita "yule mama wa kumsukuma Konrad". Jina hilo lilimkera, ila hakuona haja ya kubishana nao. Alijua kazi yake ina akili kiasi gani.

"Polycarp, nipe dakika tano kabla hujapiga," alisema, na bila kungoja jibu akamwendea Josaphat. "Papa Josaphat, mbona mnakimbia na mti?"

"Mama Dative, si muzee mwenyewe anasema haraka!" Josaphat alikuwa bado anahema. "Anasema haraka, sisi tunafanya haraka. Kosa yetu iko wapi?"

Dative alifumba macho. Hau ruck. Haraka. Asubuhi nzima mzee alikuwa akiita msukumo mmoja, na wanaume ishirini walikuwa wakiambiwa wakimbie. Alitaka kucheka, na alitaka kulia.

Akarudi kwa Konrad, akapiga magoti mbele ya kiti ili macho yao yakutane, kama afanyavyo kazini. Kwa Kiingereza, lugha yao ya kila siku, alimweleza neno lake linavyosikika.

"Na hiyo haraka ni nini?" aliuliza mzee.

"Ni lile neno ulilonifunza mwaka wa kwanza, ulipokuwa unadai kahawa. Schnell."

Konrad alimkodolea macho. "Nimekuwa nikiwaambia schnell?"

"Tangu saa tatu, Mzee."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha kicheko kikaisha na uso ukabaki mtupu. "Baba yangu aliita kwa neno hilo," alisema.

"Najua."

Iliuma, naye Dative aliona inavyouma. Alimshika mkono tu, akangoja.

"Ita wewe," Konrad alisema hatimaye. "Ukiuangusha, sitakula tena uji wako."

"Uji wangu huuli hata sasa."

Dative akainuka, akamsukuma mzee mpaka mbele, mahali pa mwitaji, akafunga breki na kusimama kando yake. Polycarp aliutazama uso wa Dative. Simu akairudisha mfukoni.

Wanaume ishirini na sita walimtazama. Miaka kumi na miwili alikuwa ameinua watu kutoka vitandani, na hakuwahi kumwangusha hata mmoja. Siri yake haikuwa nguvu. Kwanza unamwambia mtu utakachofanya, halafu unamuuliza kama yuko tayari, halafu unangoja akujibu. Wageni kazini husahau hilo la tatu.

"Nitauliza, 'Tuko?'" alisema, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza. "Mtaitika, 'Tuko!' Nikisema 'inua', mnasukuma mara moja tu, mnashika. Nisiposikia kila mdomo, hatuinui."

Walishika nguzo zao, mbilimbili, zilizofungwa pamoja karibu na ncha na kupanuka kama mkia wa ndege; Wafranken huziita mbayuwayu.

"Tuko?"

"Tuko!" Wajerumani walichelewa. Dative hakuamuru kuinua. "Tuko?" aliuliza tena, na safari hii sauti ilikuwa moja.

"Inua!"

Mti ukapanda kimo cha kifua, ukatulia. Mbayuwayu wafupi wakachomolewa, warefu wakaingizwa. Tuko? Tuko! Ukapita vichwa. Tako la mti likakwaruza ubao uliokinga ukuta wa shimo lake na kuanza kuzama. Jasho lilimtiririka Josaphat mpaka kwenye ndevu, lakini hakutangulia hata kwa kidole. Mara ya tisa mti ulisita, upepo ukaukamata juu. Dative hakupandisha sauti. "Tumeshika. Pumueni. Tuko?" Wakaitika. Wakainua. Mti ukaingia shimoni na kusimama wima, utepe wake juu ya paa la kanisa.

Kabari zilipigwa nyundo pande zote nne. Hata hivyo hakuna aliyeondoa nguzo yake. Walibaki wameegemea, macho kwa Dative.

Furaha ilimjaa, akautazama mti mpaka kileleni. Konrad akamvuta mkono wa koti.

"Na kuondoa mikono," aliuliza, "mnasemaje?"

Dative aliinama, akamwambia sikioni. Mzee alilijaribu polepole, mara mbili, midomo ikisogea bila sauti. Kisha akajikaza kwenye kiti, akajaza kifua.

"Achia!"

Hakuna aliyemtazama Dative kuuliza. Nguzo zilishuka mojamoja, wanaume wakarudi nyuma huku wametazama juu, na mti ukabaki pale, ukicheza kidogo kileleni.