Dirisha la Fundi Saa

Dirisha lilikataa. Mama Darasa alilisukuma kwa kiganja, kisha kwa bega. Likabaki pale pale.

"Usijichoshe, mwanangu," mzee alisema kutoka kitandani. Enzi zake alikuwa akitengeneza saa, na nyumba nzima ya wazee ilimwita Fundi Saa. "Tangu Jumamosi niko ndani ya chupa. Mmenizika mzima mzima, ila kaburi mmelipaka rangi nzuri."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha.

Mama Darasa aliona haya. Jina hilo alipewa na wanafunzi wenzake wa chuo, watoto wa rika la wanawe, kwa kuwa yeye alisoma jioni baada ya kufua mashuka ya hoteli kutwa nzima. Jumamosi walikuja hapa ishirini na watatu, na ndoo za rangi, kutimiza saa zao za kuhudumia jamii. Wakaimba, wakapiga picha, wakaondoka. Dirisha hili alilipaka yeye mwenyewe, likiwa limefungwa, akijaza kila ufa kwa bidii ya mtu anayemfanyia Mungu kazi. Rangi ya mafuta ikakauka, ikagandisha fremu. Mwenye chumba alikuwa amekaa pale pale kitandani, na hakuna aliyemuuliza kitu. Hata yeye.

Leo alifuata fomu ya saa hizo tu. Sahihi moja ya msimamizi wa nyumba. Mwisho wa kuipeleka chuoni ulikuwa kesho, na bila hiyo, baada ya miaka saba ya masomo ya jioni, asingehitimu.

Msimamizi aliingia na fomu mkononi.

"Mama, hilo dirisha lisiguswe. Wafadhili wanakuja keshokutwa kuona kazi yenu. Wakishaondoka tutaita fundi."

"Baba hapati hewa, dada."

"Mlango si uko wazi?"

Mlango ulifungukia kwenye korido isiyo na dirisha, yenye harufu ya rangi ile ile.

"Nakusainia sasa hivi. Usiniletee mambo." Aliiweka fomu mezani, akajipapasa mifuko, akaenda ofisini kutafuta kalamu.

Kuta zilionekana kusogea. Mama Darasa alifumba macho. *Bwana, nifungulie mimi...* Hakuimaliza sala. Nyuma yake mzee alikuwa akivuta pumzi kama anayevuta kamba.

"Baba, una kitu chochote chenye makali?"

Mzee alichomoa chini ya mto mfuko wa ngozi, na ndani yake kisu chembamba kama ukucha, cha kufungulia mifuniko ya saa.

"Usikikandamize. Taratibu, kama unamnyoa kichanga."

Mama Darasa alipitisha ncha kwenye ufa. Maganda ya rangi yakaanguka sakafuni, mengine juu ya fomu. Upande wa juu, kisha kulia. Viatu vikasikika koridoni.

"Mama! Nimesema nini?"

"Nimesikia, dada. Nisamehe." Mkono haukusimama.

 Msimamizi akarudisha kalamu mfukoni, akakung'uta fomu, akaikunja, akatoka nayo.

Fremu ililia. Dirisha likafunguka upana wa viganja viwili, likakwama kwa chini. Mzee alijikokota mpaka pale, akatoa pua nje, akavuta hewa.

"Umeharibu rangi," alisema hatimaye.

"Nitarudi kuipaka, baba."

"Ukirudi, lipake likiwa wazi."

 Mama Darasa alifuta mikono kwenye sketi, akapiga magoti, akaanza kukwangua upande wa chini.