Mkwe Dirishani

Sikilizeni, mimi Ajwang sikuwa mlevi. Mlevi ni yule anayelala mtaroni pale Mirongo, viatu vimeibwa, nzi mdomoni. Mimi nilikuwa mama mzima wa Pasiansi, muuza mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka viwandani, mwimba kwaya, na gongo yangu niliinywa kwenye kikombe cha chai kama mtu mwenye heshima zake. Halafu natafuna karafuu. Nyani haoni kundule, ndivyo ilivyo.

Mlevi kwetu alikuwa Otuoma, mume wa binti yangu Akelo. Walipompunguza kazi kiwandani, mafao aliyanywa yote, na Akelo akarudi kwangu na begi lake. Wazee walipokaa kuwasuluhisha, Otuoma alisema ameacha. Eti anakwenda kwenye kikundi cha watu walioacha pombe, huko Mirongo, wanakaa wanaambiana ukweli. Nilicheka mbele ya wazee.

"Kikundi cha walevi? Si wanakunywa kwa zamu hao."

Wazee nao wakacheka. Nikasema binti yangu harudi kwa mlevi, na kama ni ng'ombe wa mahari tutamrudishia. Otuoma alikuwa ameketi karibu na mlango, macho chini, maana kwetu Waluo mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali pamoja. Mimi nilikuwa natafuna karafuu.

Lakini neno lile la kikundi halikunitoka. Asubuhi mikono ilinitetemeka hadi naunguzwa na mafuta ya kukaangia, na kwaya nilishaanza kuikwepa. Nikaulizia kwa mbali, najifanya namtafutia jirani. Nikaambiwa kipo kingine Buswelu, Alhamisi jioni, nyuma ya zahanati. Buswelu ni mbali na hakuna anayenijua. Nikajitanda kanga mpaka machoni, nikaenda. Njia nzima nilimwomba Mungu nisikutane hata na kuku wa Pasiansi.

Ndani kulikuwa na mabenchi na watu wa kawaida kabisa, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliyeongoza, mzee Mhoja, akanikaribisha.

"Mama, hapa hatuulizani ukoo. Mficha uchi hazai. Ukiwa tayari utasema." Kisha akawaambia wote, "Leo tunapokea wenzetu wa Mirongo. Mwenye nyumba amewatoa, chumba chao kimekuwa duka la mitumba."

Sijamaliza hata kuelewa, Otuoma akaingia.

Tulitazamana. Usoni kabisa, kitu ambacho hatukuwahi kufanya tangu amwoe mwanangu. Kisha akageuka, akatoka bila salamu. Nikajua nimekwisha. Hata shikamoo sistahili tena.

Mhoja akamwita. Sauti ikajibu kutoka nje, chini ya dirisha.

"Siwezi kuingia, mzee. Humo ndani kuna mtu ninayemheshimu. Nitasemea hapa."

Hakusema ni nani. Watu wakaangaliana, mimi nikaangalia sakafu.

Akasemea hapohapo nje. Kwamba hajagusa pombe tangu masika. Kwamba mkewe yuko kwao na hajui kama atarudi. "Mama yake alinikatalia mbele ya wazee. Simlaumu. Mlevi akisema ameacha, nani atamwamini?"

Niliona aibu. Kumbe alisema kweli nami nilimcheka, na sasa wa kumwambia Akelo kwamba ni kweli ni mimi. Nikimwambia, ataniuliza nimejuaje. Nikinyamaza, Otuoma naye atanyamaza; alikuwa radhi akose mke kuliko kunivua nguo mbele za watu. Zamu yangu ilipofika nikasema sina la kusema. Nilipotoka, nilimkuta amegeukia ukuta ili nipite kama hajaniona.

Nyumbani Akelo alikuwa anasonga ugali.

"Mumeo ameacha pombe," nikamwambia. "Rudi kwako."

"Nani kakuambia?"

Uongo nilikuwa nao, tena mzuri, nilikuwa nimeutunga njiani. Lakini nikamkumbuka yule mtu alivyogeukia ukuta. Nikachukua kikombe changu cha chai, nikampa.

"Nusa."

Akanusa. Akakaa nacho mkononi.

"Nilikuwa hukohuko kwenye kikundi," nikasema. "Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Na siku ile ya wazee, mama?"

"Hata siku ile nilikuwa nimekunywa."

Hakunitukana, na heri angenitukana. Alinipakulia ugali, akafunga begi lake, akaenda kwa mumewe bila kula.

Alhamisi iliyofuata nikarudi Buswelu. Miguu haikutaka, nikaiburuta. Benchi la dirishani halikuwa na mtu, nikaketi hapo, mgongo ukutani, nikasema jina langu. Nikasema karafuu, nikasema kikombe, nikasema nilivyomcheka mtu mbele ya wazee huku tumboni nina gongo. Nililia na kamasi, mtu mzima mimi. Nilipomaliza, nje, upande wa pili wa ukuta, mtu akakohoa.

"Shikamoo, mama," akasema Otuoma.

Marahaba ilichelewa kunitoka, lakini ilitoka.