Shingo ya Kushoto na Shingo ya Kulia

Ofisi ya ramani ilikuwa na skrini moja kubwa kwa kila wahakiki wawili, nayo iliwekwa katikati yao ili asitokee wa kulalamika kuwa amepunjwa. Haki ilitendeka kwa viungo vyote vya mwili isipokuwa shingo. Mizani, aliyepewa jina hilo utotoni kwa namna alivyogawa peremende, alikaa kulia kwa skrini, kwa hiyo alifanya kazi kutwa uso umeelekea kushoto. Shemeji yake, mume wa dada yake, alikaa kushoto, naye kutwa alielekea kulia. Mmoja alisoma pembe za viwanja kutoka kwenye michoro ya zamani, mwingine akazisahihisha kwenye kompyuta. Kiwanja kikipinda hata kwa unywele, walikigundua. Kwamba wao wenyewe wamepinda, hilo liliwapita.

Alhamisi asubuhi mtu alimwita Mizani kutoka upande wa kulia. Akageuka, shingo ikagoma. Maumivu yalipanda kutoka begani hadi nyuma ya sikio, akabaki ameduwaa kama kuku aliyesikia radi. Ikabidi azungushe kiti kizima ndipo amwone aliyemwita. Kushoto aligeuka bila shida yoyote.

Mwingine angeomba ruhusa akajilalie. Lakini Jumamosi ilikuwa fainali ya mpira wa meza baina ya idara, na mwamuzi alikuwa Mizani. Mkaguzi wa chama cha mchezo huo angekuja kumpima. Akiridhika, angempa beji ya uamuzi. Asiporidhika, Mizani angengoja mpaka mkaguzi apite tena, na mkaguzi yule alipita mara chache kama kupatwa kwa jua. Beji ile aliitaka kuliko kitu chochote alichowahi kutamani kubandikwa kifuani. Sasa, mwamuzi hukaa usawa wa wavu, mchezaji mmoja kushoto, mwingine kulia. Nusu ya kazi yake ilikuwa imehamia mahali ambapo shingo haifiki.

Alimnong'oneza shemeji. Shemeji akacheka, kisha akashika shingo na kuacha kucheka. Yake nayo ilikuwa imekwama, ila kinyume: kulia ilikwenda, kushoto ilikataa. Nyumbani alikuwa amehamia kiti cha pembeni mezani ili mkewe awe daima kulia kwake. Mkewe hajui lolote, na asijue. Dada huyo alikuwa mtabibu wa viungo hospitalini, na alishawaonya wote wawili wasibane simu kwa bega wala wasichungulie kompyuta kama kobe anayetoka gambani. Kumwambia sasa kungekuwa kujipeleka mahakamani kwa miguu yao.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Mizani alisema.

"Haya si maradhi, shemeji. Ni shingo tu."

Ndipo likaja wazo. Kanuni zinaruhusu mwamuzi msaidizi. Mizani ana shingo ya kushoto, shemeji ana ya kulia, wakiunganishwa wanapata mtu mzima mmoja aliye timamu. Walisimama wakatazamana, wakapeana mikono kwa nguvu, wameridhika kama watu waliopiga hesabu na kuihakiki.

Jumamosi ukumbi wa mikutano ulijaa hadi madirishani. Mhasibu alisimama kushoto kwa Mizani, mlinzi wa geti kulia. Mkaguzi, mama mwembamba wa miwani yenye kamba, alikaa mbele bila kutabasamu. Dada alikuwa safu ya pili, amekuja kumshangilia mdogo wake. Shemeji, kama kanuni inavyoagiza, alikaa ng'ambo ya meza akimkabili Mizani.

Mchezo ulianza, na kwa muda mhasibu aliamuliwa kwa makini ambayo hakuna mchezaji aliyewahi kuyapata. Kila alipoanzisha mpira alikuta macho manne yamemkodolea. Alikagua zipu ya suruali yake. Akaikagua tena. Kisha akapiga mpira mkali, ukatua upande wa mlinzi, ukaruka pembeni. Mhasibu akasema umegusa ukingo wa meza, mlinzi akasema haujagusa kitu. Mizani akamtupia shemeji jicho. Shemeji naye, uso ukiwa bado kwa mhasibu, alikuwa amemtupia yeye jicho.

Akaelewa, na masikio yakamwaka moto. Mtu anayekukabili, kulia kwake ni kushoto kwako. Wahakiki wawili, wanaolipwa mshahara kwa ajili ya pembe, walikuwa wameshindwa na jambo ambalo mikono yao yenyewe iliwaonyesha walipopeana.

"Samahani," mlinzi aliuliza kwa adabu, "na mimi nacheza?"

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Mizani alisubiri kitulie, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba hakuona na pointi irudiwe. Mkaguzi aliinua macho. Mtu wa stoo alikuwa tayari amekunja mikono ya shati, anakuja, anasema shingo kama hiyo huvutwa mara moja tu, ikilia imepona. Hakufika. Dada alishaingia katikati, akawatazama wagonjwa wake kwa zamu: mmoja kakwama huku, mwingine kule.

"Skrini yenu huwa inakaa wapi?"

"Katikati," walisema pamoja.

"Katikati ya nini?"

Aliwauliza kama kuna aliyeanguka, kama mikono inakufa ganzi au kukosa nguvu, kama kuna homa. Hakuna. Basi ni misuli iliyochoka kukaa pozi moja, alisema. Waisogeze taratibu kadiri inavyokubali, usiku waweke taulo la uvuguvugu, na mtu yeyote asiivute.

"Dada, usinitoe mchezoni," Mizani alisema.

"Nani kakutoa? Ofisini ukiitwa kutoka kulia unageukaje?"

"Na kiti."

"Basi kiti kiko wapi?"

Viti viwili vya magurudumu vilisukumwa kutoka ofisini kwa mbio na vifijo, cha pili kikiwa na abiria. Mkaguzi alifikiri, kisha akatamka kwamba kanuni inasema mwamuzi akae wapi, haisemi akalie nini.

Kuanzia hapo hapakuwa na aliyejua atazame mpira au waamuzi. Mpira ukienda kulia, Mizani anazunguka kulia kwa ncha ya kiatu. Ukirudi, naye anarudi. Kiti cha shemeji kilikuwa laini mno: mara akapitiliza, akazunguka duara zima, akawapungia mkono watu wa nyuma na kuwahi mpira ukishuka. Watoto waliokuja na wazazi wao walidai nao wawe waamuzi. Mhasibu alikosa pointi kwa kucheka, akaomba irudiwe, akanyimwa.

Karibu na mwisho mlinzi aliongoza, akihitaji pointi moja. Mhasibu alipiga, mpira ukashuka upande wa kulia, ukatoka. Mlinzi akainua mikono juu, ukumbi mzima ukainuka naye, maana mlinzi alipendwa na kila aliyewahi kusahau kitambulisho. Mizani alikuwa amekwishageuka. Aliuona mpira ukikwaruza ukingo wa juu na kubadili njia.

"Umegusa. Pointi ya mhasibu."

Walimzomea. Hakutikisa kichwa, na hata angetaka asingeweza. Muda mfupi baadaye mlinzi alishinda kwa haki, akamkumbatia mhasibu, na zomeo likasahauliwa.

Mkaguzi alimfuata akiwa na beji mkononi. "Nimeona wengi wanaogeuza shingo bila kuona," alisema. "Wewe umekosea kupanga shingo, hukukosea ulichoona." Kwa kuwa Mizani hakuweza kuinama kujitazama kifuani, shemeji ndiye aliyembandika beji kwenye koti la kazi.

Jumatatu dada aliwahi ofisini kabla yao. Alidai skrini ya pili kutoka stoo, kila mhakiki akapata yake mbele ya pua, umbali wa mkono, ukingo wa juu usawa wa macho, imepandishwa kwenye maboksi ya ramani zilizokufa. Mchoro ukasimamishwa kando ya skrini badala ya kulazwa mezani. Kila baada ya muda wainuke, wazungushe mabega, wavute kidevu nyuma mpaka wafanane na mtu aliyeambiwa bei. Ofisi nzima ilijaribu hilo la mwisho kwa pamoja, mkurugenzi akaingia, akatoka.

Shingo zilirudi kidogo kidogo. Siku moja asubuhi Mizani alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha, kwa kuwa kioo cha nyumbani kwake kinaishia kidevuni, kwa mara ya kwanza akainama kuitazama beji yake.

"Shemeji," alisema. "Imepinda."

"Tangu Jumamosi ile," shemeji alijibu bila kuacha kuchapa. "Nilikuwa nasubiri mhakiki wa pili athibitishe."