Wakili Aliyejitwika Kengele ya Reli

Haya aliniambia Mwanne, jirani yake Bonifasi kule Naipingo, mwaka huu korosho zilipoanza kudondoka, tumekaa tunabangua. Naye alikuwepo, tena aliutia mkono wake, kama mtakavyoona.

Klementina ni wakili wa Nachingwea mjini. Kabla ya sheria alisomea dini miaka mitatu, ndiyo maana ndugu wakikorofishana, au waumini wakigombea jambo la kanisa, humwita yeye kabla ya kwenda kwa hakimu. Lakini Alhamisi ile ilikuwa siku ya tatu yupo kwa Bonifasi, na maneno yalishamwishia.

Kengele ya kigango chao, kanisa dogo la kijijini, ni kipande cha reli. Babu yake Bonifasi alikibeba begani zamani hizo, treni ilipokoma na reli kung'olewa. Mwaka jana dada yake Beatrisi, mwenyekiti wa kigango, alisimama mbele ya waumini akasema wanunue kengele ya kweli, "hicho chuma chakavu kiondoke." Bonifasi alileta ngazi, akakishusha, akakiweka mlangoni kwake. Tangu siku hiyo hakanyagi kanisani wala kwa dada yake. Na Jumamosi Jenifa, binti wa Beatrisi, anaolewa na kijana wa Matambarale, Ruangwa. Kwetu mpwa ni wa mjomba. Wakwe wasipomwona mjomba, wanageuza njia.

"Kengele ni mali ya kanisa, kaka yangu," alisema Klementina.

"Karatasi iko wapi?"

"Hata Esau alimkumbatia Yakobo."

"Esau hakuitiwa babu yake chakavu."

Klementina akafunga mkoba. Alimwacha Jenifa asubuhi analia jikoni. Sasa atamwambia nini? Bonifasi kuona ameshinda, akaangua kicheko. "Nenda zako! Ningetegemea nini kwa ukoo uliokula mbegu siku ya kupanda?"

Wakili akasimama. Ukoo wake na wa Bonifasi ni watani tangu kwa mababu. Siku zote tatu alikuja na uwakili wake. Leo mwenyewe kamwita kwa utani. Na mtani akichukua chako hukasiriki, maana ukikasirika unawaaibisha waliolala makaburini. Unakikomboa tu.

"Asante, mtani wangu! Mbegu tulikula, sasa tuna njaa ya chuma!"

Akavua viatu vya mjini, akazungusha mtandio akafanya ngata. "Mwanne, nitwishe!" Mwanne akamtwisha ile reli. Bonifasi akaruka kutoka kitini, mkono ukabaki hewani. Majirani wakapiga vigelegele.

"Ukombozi ni jogoo na unga!" wakili alipaza sauti, shingo ikitetemeka. "Jogoo wa kaka, unga wa dada, waje pamoja! Niko kwa mama yenu Goreti."

Ijumaa asubuhi Bonifasi alifika peke yake na jogoo.

"Jogoo bila ugali? Mimi paka?" aliuliza wakili. Akarudishwa.

Beatrisi naye akaja na unga wake.

"Unga mkavu? Mimi kuku?" Akarudishwa. Mama yao, bibi Goreti, alicheka mpaka akajifuta machozi.

Alasiri wakaonekana wote wawili, wameachana hatua kumi, halafu tano. Mlangoni Beatrisi akapiga magoti, unga kichwani. "Kaka, si chakavu. Nilikosa mbele za watu, na mbele za watu nitasema."

Bonifasi akamnyoshea dada yake jogoo. "Huyu ananidonoa. Mchinjeni haraka, kesho nina mpwa wa kuozesha."

Wakala sahani moja. Kisha Bonifasi akabeba reli begani kuirudisha kanisani, kama babu yake, dada akitangulia na ngazi.

Jumamosi Beatrisi alitimiza, akamtaja babu kwa jina mbele ya kanisa zima. Mjomba akashika nyundo. Ile reli ililia! Hata watu wa kijiji cha Chiola wanaapa waliisikia. Wakwe wa Matambarale walimkuta mjomba amesimama mbele, kanzu imenyooshwa, na Jenifa anacheka mpaka shela inamwanguka.

Ngoma ikakolea. Klementina alikula paja la kuku mpaka mfupa, akajisugua shingo iliyokuwa inamuuma bado, akajinyoosha kwenye mkeka wa bibi Goreti. Jua lilikuwa bado kali, reli inapigwa tena kwa raha tu, wakili analala.