Usizime Mpaka Nyumbani

Gari lilikuwa pembeni kabisa ya uwanja wa mnada, nyuma ya mapipa yenye kutu, limelala kama mgonjwa aliyekatiwa tamaa. Zamani lilibeba majeruhi wa jeshi. Msalaba wa ubavuni ulikuwa umekwanguliwa ukabaki kivuli, lakini ndani reli za machela bado ziliteleza. Honi aliijaribu moja kwa kiganja, akaisikiliza ikienda na kurudi, akashuka uso umemkunjuka.

"Nalichukua," alimwambia dalali.

"Hata hujalisikia likikohoa, mzee."

"Sijaja kusikiliza muziki."

Hilo jina la Honi alipachikwa na majirani. Tangu afiwe, hapiti mahali bila kuwapigia wakubwa kelele. Na kwa nini asipige? Mkewe alishikwa na tumbo, wakambeba kwa kitanda hadi mtoni, wakakuta maji yamefura. Daraja lilishachukuliwa na mafuriko miaka nenda rudi, likabaki la midomoni mwa wagombea. Gari la zahanati nalo lilikuwa juu ya mawe, matairi yamehamia kwenye gari la mkubwa fulani. Wakakaa ukingoni kusubiri maji yapungue. Yalipopungua, hakukuwa tena na wa kuvushwa.

Sasa binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa na mimba ya kwanza na siku zake zimekaribia. Honi aliuza kiwanja, akaapa: huyu hafii ukingoni. Kuendesha alikujua, aliwahi kubeba mawe ya machimboni kwa lori. Alichokosa ni gari lenye miguu mirefu.

Askari wa stoo, mtu mzima mwenye sauti ya mafua, alimwonyesha mambo yake. "Hili halina ufunguo, mzee wangu. Lina swichi hii. Ukiisimamisha linawaka, ukiilaza linazima. Ila betri imekufa, imezikwa. Tutakusukuma. Likishawaka, usizime mpaka nyumbani. Ukibanwa na haja, jisaidie huku linanguruma."

"Na nikisinzia?"

"Sinzia, lakini mkono usisinzie."

Kikosi kizima kikasukuma, wanacheka, wanatukanana, mpaka gari likatapika moshi mweusi na kuamka.

Kwenye kituo cha mafuta, msimamizi alimjia mbio anapunga mikono. "Zima gari, mzee! Zima!"

"Sizimi."

"Utatulipua! Sheria hairuhusu!"

"Sheria ilikuwa wapi mke wangu anakufa? Nijazie kwenye dumu, nitamimina mwenyewe kule barabarani."

Akaliacha linanguruma mbali, akabeba dumu begani, huku msimamizi akimwita kichwa kigumu. Honi hakugeuka. Njia nzima alikuwa akiongea na kiti kitupu cha pembeni. "Umeona, mke wangu? Mimi si wa kuambiwa zima nikazima." Kiti kilitikisika tu. Huko milimani wingu lilikuwa limejikunja, jeusi kama sufuria.

Alipofika mtoni alikuta gari jeupe limezama matope, pua imetazama kwake, limeziba njia ya kuvukia. Dereva wake alikuwa magotini anachimba kwa mikono. Nyuma, kioo kimepandishwa, alikaa mheshimiwa. Ndiye yule yule aliyeahidi daraja, akatembea ukingoni siku ya kuomba kura anapiga picha na fundi wa kupima.

Honi angepita juu yake kama ingewezekana. Lakini njia ni moja. Alifunga kamba mbele, akaweka gia ya kurudi nyuma, akamvuta mpaka nchi kavu. Hakumtazama. Dereva akafungua kamba, Honi akaingia mtoni. Maji yalifika katikati ya magurudumu, gari likatembea polepole, imara, kama ng'ombe aliyezoea. Kifua cha Honi kikafunguka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Mzee! Hebu, mzee!"

Mheshimiwa alikuwa ameshuka, amesimama ukingoni, kofia mkononi.

Na Honi akafanya kile ambacho watu wote wa kijijini kwake hufanya tangu utotoni mkubwa akiita. Alisimama katikati ya maji. Akavua kofia. Na mkono, mkono wake mwenyewe, ukailaza swichi ili apate kumsikia vizuri.

Injini ikanyamaza.

"Shikamoo, mheshimiwa," mdomo nao ukasema.

"Marahaba. Umetuokoa, mzee wangu. Wananchi kama wewe ndio tunaowataka! Sasa mkiwa na chombo kama hicho kijijini, hata daraja si la kukimbilia tena, eti?"

Honi hakusikia mwisho wake. Alikuwa ameshaisimamisha swichi. Tk. Akarudia. Tk.

"Betri, mheshimiwa. Nisukumeni kidogo tu."

Dereva aliyatazama maji, akaitazama milima, akamtazama bosi wake.

"Tutatuma watu," alisema mheshimiwa, akaingia ndani. "Tumechelewa kikao."

Honi alibaki na usukani mkononi. Maji yaliyokuwa meupe yakaanza kuja mekundu, na vijiti, na povu. Alipoona yamelamba ngazi ya mlango, aliteremka, yakamfika kiunoni, akavuka kwa kushikilia mawe. Ng'ambo alisimama pale pale walipokiweka kile kitanda. Gari liliyumba mara moja, likageuza ubavu wenye kivuli cha msalaba, likalala.

Binti yake alikuwa mlangoni, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kizingiti. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Nililisikia, baba. Nikajua umefika. Nikafunga na khanga zangu." Akakunja uso, akavuta pumzi mpaka maumivu yakapita. "Halafu likanyamaza. Mbona ulizima?"

Honi alitazama mkono wake, ule wa kulia, unaochuruzika maji.

"Nilikuwa namwamkia mheshimiwa," alisema.