Mhunzi na Chuma Cheupe

Hezron wa Igamba alikuwa mhunzi hodari, na kama ulikuwa hujui angekwambia mwenyewe. Majembe yake yalilima Mbozi nzima, hata bwana shamba Mzungu alikuwa nalo moja. Basi mkono wa mashine ya Jairo ya kumenyea kahawa ulipovunjika katikati ya mavuno, kahawa ikaanza kuchacha kwenye magunia, Jairo hakuhangaika. Si Hezron yupo?

Mkono wenyewe ulikuwa wa aluminiamu. Hezron akayeyusha sufuria kuukuu, akamimina kwenye kalibu ya udongo. Jairo alipouzungusha tu, ukapinda kama ndizi. Sufuria ni laini, akasema Hezron, ngojeni muone. Akatafuta pistoni za lori lililofia njia ya Tunduma, zile ngumu zilizochanganywa na madini mengine, akayeyusha na kumimina upya. Safari hii ukatoka mkono wa kiume. Angeuacha hapo, kahawa ingemenywa. Lakini mhunzi gani huacha kitu bila kukifua? Akaurudisha motoni ili aufue uzidi kuwa imara, akakaa kungoja uwe mwekundu, kama chuma chochote chenye adabu. Aluminiamu haingoji wekundu, huharibika kabla. Ilibaki nyeupe vilevile huku yeye akizidi kuvukuta moto, na nyundo ya kwanza ilipotua, mkono ukasambaratika kama kiporo cha ugali.

Pistoni zilikuwa zimekwisha. Jairo akashika kichwa. Watu wakamtazama Hezron, naye, badala ya kusema chuma hiki sikijui, akaukimbilia mwiko wa babu zake: mhunzi anayeyeyusha hulala mbali na mwanamke mpaka kazi iishe. Akainamisha macho, akasema mwili nao ni mwili, usiku wa jana alishindwa kujizuia.

Wazee wakaguna kwa huruma, na sifa ya mhunzi ikapona. Mambo yangeishia hapo, ila Jairo naye ana mdomo. Akauliza alishindwa kujizuia na nani, maana Fides, mke wa Hezron, yuko kwao Chapwa tangu wiki iliyopita.

Loo! Maskini Hezron hakuwa amegusa hata kivuli cha mtu. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na ya kutoka Chapwa haikuwa ndefu vya kutosha. Habari ilimfikia Fides, akaja na kikapu chake kichwani mpaka kwenye kiwanda cha uhunzi, watu wamejaa, akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Ruti," akasema, "ama hujui kazi, ama una mwanamke. Niambie moja."

Jibu lilikuwa jepesi, tena la kweli. Lakini wateja wake wote walikuwa pale wanasikiliza. Hezron akakuna ndevu. Akautazama moto. Akafikiri.

Hatimaye akasema, "Hiki chuma sikijui."

Fides akamwamini papo hapo, kwani alimjua mtu wake. Kuharibu mkono wa Jairo alimsamehe, hata ule uongo alimsamehe. Ila kule kufikiri hakumsamehe mpaka wakazeeka.