Sauti ya Nne Bwawani

Mara tu Besi alipofungua kinywa, bwawa zima lilinyamaza. Vyura waliokuwa wakipiga kelele tangu jua lilipoanza kuinama walikatika ghafla, kama redio iliyochomolewa ukutani, na kwaya ikabaki inaimba peke yake mbele ya maji yaliyotulia. Binti yake, aliyechuchumaa ng'ambo ya bwawa akiwa na hedifoni masikioni, aliinua mkono. Wakasimama, wakasubiri. Chura mmoja akajaribu, wa pili akamjibu, na punde kelele ikarudi palepale ilipokuwa.

"Tuanze upya," alisema binti.

Wakaanza upya, na vyura nao wakanyamaza upya.

Bwawa lenyewe halikuwa la kujivunia. Lilikuwa shimo la zamani la kuchimbia udongo wa matofali. Wachimbaji walipoondoka, mvua zikalijaza, matete yakaota, na vyura wakahamia bila kumwomba mtu ruhusa. Binti yake Besi, msomi wa viumbe wa majini ambaye mama yake alimwita kwa utani daktari wa vyura, alikuwa amelichunguza kwa miaka hadi akawa anawatambua baadhi ya wakazi wake kwa sauti. Sasa alitaka watu waje wasikilize. Alikuwa ameandaa tamasha dogo la jioni moja tu, lisilo na vipaza sauti, wala jenereta, wala chupa hata moja ya plastiki. Taa zilichajiwa kwa jua, mabenchi yaliundwa kwa mbao za makreti kuukuu, na wapiga marimba walitengeneza ala zao kwa mabomba yaliyotupwa. Kilele chake kingekuwa wimbo mmoja wa kwaya na vyura kwa pamoja, bila upande mmoja kuufunika mwingine.

"Baba, nitungie wimbo wa mvua," alikuwa amemwambia.

Ombi hilo lilimfanya Besi asipate usingizi kwa furaha. Alikuwa mwalimu wa muziki kabla ya kustaafu. Siku alipoondoka shuleni aliacha kengele, ubao, wanafunzi na heshima ya kuamkiwa kila kona. Akarudi nyumbani na sauti yake tu. Lakini ilikuwa sauti! Akiimba jikoni, vifuniko vya sufuria vilitetemeka. Ndiyo maana watu walisahau jina lake la kuzaliwa na kumwita Besi, kwa ile sauti ya nne ambayo katika kwaya yao ndogo aliibeba peke yake. Binti huyu aliiacha kwaya akiwa msichana, akaenda kuchakura madimbwi, na tangu hapo hakuwahi kumwomba baba yake chochote kinachohusu nyimbo. Besi hakulisema hilo kwa mtu, ila lilimkaa rohoni. Basi alipotunga ule wimbo, ubeti wa tatu aliuandika uwe zawadi kwa binti huyo: wengine wote wangenyamaza, na sauti ya nne ingeshuka peke yake, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi za kisima.

Tatizo likawa hao vyura. Katika mazoezi ya siku zilizofuata binti alibadilisha kila kitu. Aliirudisha kwaya nyuma, chini ya miti. Aliwavua wanakwaya viatu, akisema huenda vishindo vinasikika majini. Aliiondoa ngoma, na mpiga ngoma akanuna siku nzima. Besi naye hakukosa wa kumlaumu. Aliwageukia wanaume wa sauti ya tatu, wale wa tena, na kuwaambia wanaimba kama jogoo waliokanyagwa. Binti alimsikiliza, akayameza maneno yake, akainamia kompyuta.

Siku ya mazoezi ya mwisho Besi alichelewa, kwa sababu mkewe alimbebesha kapu la vikombe vya udongo vya kunywea maji siku ya tamasha. Alikuwa anateremka njia ya bwawani alipousikia wimbo wake. Wameanza bila yeye. Fundi wa cherehani, mama mwenye sauti ya alto ya kuaminika, ndiye aliyekuwa akiwashikia mapigo. Na vyura walikuwa wanaimba. Hawakukatika wala kusita. Sauti za wanawake zilipanda, wanaume wa tena wakajaa katikati, na chini yao vyura wakakoroma kwa mapigo yao wenyewe, mpaka huwezi kujua nani anamfuata nani. Besi alisimama akitabasamu peke yake kama mwehu. Wamefaulu! Akajiuliza leo wamebadilisha nini. Ngoma ilishaondolewa. Viatu vilishavuliwa. Akawapitia wanakwaya kwa macho, mmoja mmoja, kutafuta nani hayupo.

Alipompata, kapu lilimponyoka kidogo, vikombe vikagongana.

Hakwenda mbele. Alirudi nyuma hadi kwenye kona, akakohoa kikohozi kikubwa cha uongo ili wamsikie anakuja, kisha akajitokeza. Wimbo ulikuwa umeshakatwa. Binti alikuwa ameifunika kompyuta yake.

"Leo vyura wamekuwaje?" Besi aliuliza.

"Vilevile tu, Baba. Wakaidi."

Wanakwaya wote walikuwa wanavichunguza vidole vyao vya miguu.

Jioni ile, jikoni, alimwendea mkewe.

"Bibie, ulikuwa unajua?"

Mkewe alikuwa anamenya viazi. Angeweza kujifanya hamnazo, lakini walikuwa wameishi pamoja muda mrefu mno kwa mchezo huo.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Ile mashine yake inaonyesha kila kitu. Sauti yako na ya vyura madume zinakaa mahali pamoja. Wakikusikia wanadhani limeingia dume kubwa kuliko wote, basi wanafyata ulimi."

Besi alishindwa kujizuia. "Kubwa kuliko wote?"

"Usianze kuvimba kichwa, mume wangu."

Wakacheka, ila kicheko cha Besi kiliishia njiani. "Sasa kwa nini hakuniambia? Kwani mimi siambiliki?"

"Nilimsihi akwambie. Akasema, 'Mama, Baba amebakiwa na sauti yake tu, halafu mimi ndiye niende kumnyang'anya? Afadhali vyura wanyamaze.'" Mkewe alikitazama kisu. "Akalia kidogo. Akaniapisha."

Besi alikaa kwenye kiti cha jikoni. Iliuma. Iliuma kujua kwamba kwaya nzima ilikuwa ikimhurumia huku yeye akiwatukana wa tena wasio na kosa. Lakini zaidi ya maumivu, alihisi kitu kingine kikimjaa kifuani. Mtoto huyu alikuwa tayari kuiharibu kazi ya miaka yake, mbele za watu, ili yeye aimbe ubeti mmoja. Na yeye siku zote alidhani ameachwa.

"Usimwambie kwamba najua," alisema.

"Jamani, nyumba hii mtaniua kwa siri," akajibu mkewe, akaendelea na viazi vyake.

Siku ya tamasha watu walikuja wengi kuliko mabenchi. Wasiopata nafasi walikaa kwenye nyasi. Binti aliwaomba wasipige makofi, wapunge mikono juu ili wasiwashtue wenyeji, na baada ya wapiga marimba kumaliza, watu wote walinyoosha mikono wakaonekana kama wamekamatwa na polisi. Watoto walikanywa, wazee wakakanywa zaidi. Jua lilipogusa matete, chura wa kwanza akaanza, na wenzake wakaitika.

Besi alijipanga mbele ya kwaya. Binti akamsogelea, akamnyooshea kola ya shati bila sababu.

"Uko tayari, Baba?"

"Koo limenikataa leo," alisema kwa kunong'ona. "Nitapiga mapigo tu."

Binti alimtazama. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amemsikia akiimba bafuni mpaka majirani wakagonga ukuta. Uso wake ukabadilika, midomo ikamcheza.

"Na besi je?"

"Wapo," Besi alisema, akaelekeza kidevu majini. "Nenda kwenye mashine zako, mwanangu. Tunawachelewesha watu."

Akainua mikono. Kwaya ikaanza, na vyura hawakunyamaza. Aliwaona watu wakigeuza vichwa, kwanza kwa waimbaji, kisha kwa maji, kisha wakaacha kugeuka wakawa wanasikiliza tu. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Besi aliibana midomo yake kama mtu aliyeshika sindano kwa meno. Ubeti wa tatu ulipofika, aliwanyamazisha waimbaji wote kwa kiganja, kama alivyoandika mwenyewe, akaanza kuhesabu mapigo matupu. Alishapiga moyo konde. Vyura wangeimba peke yao mpaka nafasi yake iishe, na hakuna mgeni hata mmoja ambaye angejua palikuwa na mtu.

Ndipo ng'ambo ya bwawa sauti ikainuka.

Ilikuwa nyembamba, yenye kutu kidogo, ya mtu asiyeimba mbele za watu. Binti alikuwa amesimama, hedifoni zikining'inia shingoni, naye anauimba ubeti wa tatu. Aliuimba juu kabisa, kule ambako vyura hawakuwa na habari nako, lakini ulikuwa uleule, noti kwa noti, pamoja na ile pumzi ndogo ambayo Besi huivuta katikati na ambayo hakuwahi kuiandika popote. Besi hakuwahi kumfundisha. Binti aliusikia tu, siku zote hizo alizokaa upande wa pili wa bwawa, akidhaniwa anasikiliza vyura.

Chini ya sauti yake, vyura waliendelea kukoroma.

Macho ya Besi yalijaa maji na hakuwa na mkono wa kuyafutia. Yalibaki mapigo machache kabla ya kuwarudisha wengine. Fundi wa cherehani alikuwa tayari, mdomo wazi, pumzi ameshaivuta, akisubiri ishara. Besi akapunguza mwendo, sauti ya ng'ambo ikarefuka. Akapunguza tena. Fundi wa cherehani akamkodolea macho, uso ukimwiva, na Besi akajifanya hamwoni.